Tulizima kengele ili tupewe ruzuku ya kuitafiti

Mshauri wetu mpendwa, naomba msaada, na naomba pia unisome mpaka mwisho, maana najua ukifika katikati utataka kuikunja barua hii na kuitupa, hata mimi nimeshaikunja mara mbili.

Mimi ni fundi wa shirika la umeme la serikali, mwanamke, mwaka wa kumi na saba huu napanda nguzo, na karakanani wananiita Mama Kengele kwa sababu ya kitu nilichokitengeneza mwenyewe kwa vipuri vya mita chakavu, kitu chenyewe ni kidogo tu, unakibandika kwenye tumbo la transfoma, waya unashuka mpaka kwenye boksi la bati lililofungwa kwenye nguzo, na mafuta ya ndani ya transfoma yakipata joto kupita kiasi boksi linalia kwa sauti ambayo hata mlevi anaamka, watu wanasogea mbali, mmoja anapiga simu ya dharura, sisi tunafika kupunguza mzigo kabla haijalipuka. Nilizifunga kumi na moja kwenye transfoma zile kongwe ambazo kila mwaka shirika linasema litazibadilisha, mkuu wa karakana aliniruhusu kwa mdomo tu, akasema wewe fanya, mimi sijaona. Kwa miaka miwili na nusu zililia mara kumi na tisa, na katika hizo kumi na moja hakuna hata moja iliyolipuka. Sikupewa hata cheti, ila nilikuwa nalala usingizi.

Mdogo wangu wa kiume ni fundi cherehani, mimi ndiye niliyemlea baada ya mama yetu kufariki, na alipokuwa anatafuta kibanda cha kushonea mimi ndiye niliyempeleka nyuma ya ghala la saruji, chini ya transfoma namba saba, kodi ya pale ilikuwa nafuu kwa kuwa kila mtu anaiogopa ile transfoma, nikamwambia hapa pana kengele yangu, hapa ni salama kuliko nyumbani kwako, naye akaniamini. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi nilikuwa nakwenda kuijaribu, inalia, yeye anainua mkasi juu kama ananipigia saluti, wateja wanacheka.

Sasa mshauri, sijui kama unafahamu mashirika ya serikali yanavyopata fedha za ubunifu na utafiti, mimi sikuwa nafahamu. Kuna mfuko, kila shirika la umma linachangia humo, kisha mashirika yanashindana kuzirudisha zile fedha kwa kuandika andiko la kueleza ubunifu wao, na bodi inampima mkurugenzi kwa hilo, asiyepata kitu anaonekana amelala. Letu lilikuwa limekosa miaka mitatu mfululizo. Tuna kitengo cha utafiti, ni chumba kilichokuwa stoo ya mafaili, sasa kina viti vya kuzunguka na mashine ya kahawa, na mkuu wake tunamwita Profesa ingawa si profesa, ni kwa sababu hawezi kumaliza sentensi bila kusema "kisayansi". Siku moja akashuka karakanani, ambako hajawahi kukanyaga, akasimama huku anakwepesha viatu vyake visiguse mafuta, akauliza ile kengele ni ya nani.

Tukakaa kujaza fomu ya mfuko, kurasa arobaini na moja, na tulikwenda vizuri mpaka ukurasa wa sita. Pale pana swali: je, ubunifu huu umekwishaanza kutumika? Ukijibu ndiyo unapelekwa dirisha la mkopo, mkopo wa riba ambao mkurugenzi hataki hata kuusikia, na ukijibu hapana unakwenda dirisha la ruzuku, kwa sababu ruzuku ni ya utafiti, na kwao utafiti ni wa kitu ambacho bado hakipo. Profesa akavua miwani akaifuta kwa tai.

"Mama Kengele," akasema, "tatizo letu ni kwamba kitu chako kinafanya kazi."

"Basi tuandike ndiyo."

"Tukiandika ndiyo hatupati. Tukiandika hapana halafu wakazikuta zinalia, tumekwisha. Kisayansi, inabidi zisiwepo kwa muda."

Ndivyo andiko lilivyoandikwa, kwamba awamu ya kwanza, miezi kumi na miwili, ni ya kubaini ukubwa wa tatizo, yaani tuziangalie zile transfoma kumi na moja zikiwa hazina kitu, tuhesabu zitakazoharibika, awamu ya pili tubuni chombo, na awamu ya tatu tukifunge nchi nzima. Chombo cha kubuniwa ni hikihiki nilichokuwa nimeshakifunga. Tukatia sahihi, Profesa na mimi, tukapata.

Nakwambia ukweli wote, hakuna aliyenilazimisha. Walinipa meza dirishani na kibao kimeandikwa Mtafiti Msaidizi, na mimi baada ya miaka kumi na saba ya ovaroli nikaipiga picha ile meza nikamtumia shangazi yangu, kichwa kikavimba, na kwa siku mbili nikapanda nguzo zote kumi na moja mimi mwenyewe, nikatoa moyo wa kila kengele, yaani vile vifaa vya ndani, nikavifungia vyote kabatini, ufunguo ninao mpaka leo. Maboksi tuliyaacha juu ili wananchi wasiulize maswali. Nilipofika namba saba mdogo wangu akatoka kibandani, akaniuliza, "Dada, imeharibika?" Nikamjibu kwamba naisafisha tu, na kwamba kuanzia sasa tunaijaribu kwa kompyuta kutoka ofisini, hutaisikia tena kila mwezi. Akasema mmeendelea. Nilikuwa nimesaini karatasi ya kutunza siri za utafiti, lakini naomba usidhani ni karatasi iliyonifunga mdomo, nilinyamaza kwa sababu nilijua angeniangalia vibaya.

Mwezi wa saba wa utafiti, mchana kweupe, namba saba ikalipuka. Majirani wanasema ilikuwa inanguruma tangu asubuhi, wifi yangu alimwambia mumewe watoke, wafunge, warudi kesho, yeye akamjibu, "Ingekuwa na shida kengele ingelia." Mafuta ya moto yalimwagikia paa la kibanda, wifi akawahi nje, yeye akarudi kuvuta cherehani. Mikono yote miwili, mshauri. Daktari amesema vidole vitatu vya mkono wa kulia havitajikunja tena, sindano hawezi kuishika, kikombe anashikiwa na mkewe. Shirika limemjibu kwamba halihusiki kwa kuwa alijenga mahali pasiporuhusiwa.

Hospitalini neno lake la kwanza kwangu lilikuwa, "Dada, usijilaumu. Chombo ni chombo, kinaweza kugoma." Nami nikasema ndiyo, iligoma. Nilisema hivyo nikiwa nimemshika bega.

Profesa alinipa pole, na pole yake ilikuwa ya kweli, machozi yalimlengalenga, lakini wiki iliyofuata akanisomea ripoti ya robo mwaka, "kituo cha uchunguzi namba saba kimetoa takwimu za msingi," akaniambia sasa awamu ya pili ni kama tumeshaipata. Wakaguzi wa mfuko wanakuja Jumatano ya mwisho wa mwezi, Jumanne tutayashusha maboksi kumi yaliyobaki, na Profesa anataka mwathirika asimame mbele yao dakika tano aseme siku ile pale hapakuwa na kengele ya aina yoyote na wananchi wanaihitaji sana. Mwathirika ni mdogo wangu, na wa kumwomba ni mimi.

Nilikwenda Jumapili. Akanisikiliza, akafikiri, akaniuliza, "Kwa hiyo niwadanganye kwamba haikuwepo?"

Na kweli haikuwepo, mshauri.

"Wakijua ilikuwepo ikagoma, watasema kazi yako mbovu, si ndiyo? Watakufukuza?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Basi nitasema haikuwepo. Wewe umenilea, dada. Uongo mmoja kwa ajili yako ni nini?"

Tangu siku hiyo anafanya mazoezi, wifi anamshikia karatasi, anakariri maneno anayodhani ni uongo. Nami nikimweleza Profesa kwamba roho inanisuta, ananiambia nifikiri kwa mapana, nikisema ukweli ruzuku itarudishwa, kitengo kitafungwa, vijana wanane tuliowaajiri watarudi mtaani na kengele hazitafungwa milele, lakini nikivumilia, awamu ya tatu zitafungwa mia nne nchi nzima, na hebu nihesabu ni mikono mingapi itapona. Nimehesabu. Ndiyo maana silali.

Mdogo wangu anaipenda safu yako, kila Ijumaa wifi humsomea, wanacheka matatizo ya watu. Naomba usitaje jina langu. Nishauri, je, nimwambie, au ninyamaze mpaka hizo mia nne zifungwe?

Ni mimi, Mtafiti Msaidizi.

MSHAURI ANAJIBU

Mama Kengele, pole. Hiyo pole ni moja na nimeitoa mapema kwa sababu huko mbele hutaipata nyingine.

Unauliza umwambie au unyamaze mpaka zifungwe mia nne. Hilo swali si lako. Ni la Profesa, umelichukua mezani kwake ukaja nalo kwangu kama mtu aliyetumwa. Mimi nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta swali lingine, sikuliona. Kengele mia nne zinahitaji andiko, awamu mbili na baraka za wakaguzi. Kengele kumi hazihitaji chochote. Ziko kabatini na ufunguo uko mfukoni mwako. Kurasa saba umeniandikia, hukuniuliza hata mara moja kuhusu hizo kumi. Chini ya kila boksi tupu yupo mtu anayeisikia transfoma ikinguruma, anatazama juu, analiona boksi, anamwambia mkewe ingekuwa na shida ingelia. Hilo hamlitafiti nyie. Hilo mnalisubiri.

Kuhusu ile meza nakuelewa, na sisemi kwa kejeli. Miaka kumi na saba unapanda na kushuka, hakuna aliyekuuliza umetengeneza nini, halafu mtu mwenye tai anakuita mtafiti. Nani asingepiga picha? Linaloniuma ni kwamba mtafiti ulikuwa tayari, tena wa kweli, zile mara kumi na tisa zilizolia ndizo utafiti wenyewe, na wenye mfuko hawana ukurasa wa kuziandika. Wanajua kulipia kitu ambacho hakipo. Kilichopo na kinafanya kazi wanakiandikia riba. Aliyetunga ukurasa wa sita sijui anaishi chini ya transfoma gani, na mkurugenzi wenu anayepimwa na bodi sijui anapimwa kwa kipimo gani kingine. Hao wana lao la kujibu. Lakini wao hawakupanda nguzo. Wewe ndiye uliyepanda, mara kumi na moja, na ulikuwa na nafasi ya kughairi kila uliposhuka.

Sasa sikiliza. Utaanza na mdogo wako, kabla ya kitu kingine chochote. Usiende na matunda. Usimpitie wifi yako. Na usianze kulia, maana ukilia yeye ndiye atakayekubembeleza, atakusamehe kabla hajajua anasamehe nini, na utarudi kwako na msamaha wa wizi. Kaa mbele yake useme: kengele haikugoma, niliitoa mimi, na ulipouliza nilikudanganya, na hospitalini nikakudanganya tena. Halafu nyamaza. Akitaka kuuliza atauliza. Akikufukuza, ondoka. Mwambie na hili pia, kwamba yale anayoyakariri si uongo, asije akasimama mbele za watu akidhani anakulinda, kumbe anawalinda wao. Atakusamehe? Sijui, na usimwulize. Uliyemlea ndiye uliyemweka pale, hilo lipewe muda wake.

Ukitoka kwake, siku hiyohiyo, nenda karakanani. Si kitengoni kwenye mashine ya kahawa, karakanani. Mwambie mkuu wako zile kumi zinarudi juu na kwamba unataka watu wawili na ngazi. Andika kwenye daftari la kazi kila transfoma kwa namba yake, siku uliyoitoa kengele, aliyeagiza na aliyepanda. Piga picha kurasa hizo, maana daftari nalo linaweza kuwa halipo kwa muda, kisayansi. Mkuu wako akikuambia tena kwamba hajaona, mwandikie kwenye daftari kwamba hajaona na mpe kalamu atie sahihi. Utaona jinsi macho yatakavyomfunguka.

Jumatano ijayo wakaguzi watakuja. Nenda na mtu wa chama cha wafanyakazi, wape jibu la kweli la ukurasa wa sita na nakala ya daftari. Sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa: kile kibao utakikosa, kazi pia unaweza kuikosa, na kwa kuwa sahihi yako ipo kwenye andiko, huenda ukaulizwa na watu wenye sare. Nenda tu. Vijana wanane nawaonea huruma, ila watatafuta kazi nyingine kwa mikono miwili mizima. Maelezo yako yakishaandikwa, nakala moja mpe mdogo wako. Shirika limemwambia halihusiki, na mtu pekee duniani anayeweza kuthibitisha linahusika ni wewe. Hayo ndiyo matunda ya kumpelekea.

Na usiniambie mia nne zitapotea. Kitu ulichokitengeneza kwa mita chakavu bila ruhusa ya maandishi unakijua kichwani, hakuna mkaguzi atakayeweza kukusahaulisha. Ukweli ukitoka, pengine watalazimika kuuandika upya ule ukurasa wa sita. Pengine hawatalazimika. Mimi sina ahadi ya kukupa, nazo ahadi umeshazisikia za kutosha mwaka huu.

Lipo la mwisho. Uliniomba nisitaje jina lako, lakini humuhumu ukajiita Mama Kengele, ukamweka na fundi cherehani na namba saba. Msaidizi wangu alikupigia simu Jumatatu kuuliza tuyafute hayo, ukamwambia yaacheni. Akakwambia barua inatoka Ijumaa, ukasema sawa, ukakata. Mtu anayetaka kujificha hafanyi hivyo. Ulijua safu hii nani anasomewa. Ulitaka apate habari kwa mdomo wa mkewe, wewe ukiwa mbali, halafu useme mimi ndiye niliyemwambia. Ningeweza kuizuia. Nikaona nikupe siku nne, Jumatatu hadi Alhamisi, zitoshe kwa safari ya kwenda nyumbani kwa mdogo wako.

Leo ni Ijumaa. Kama ulikwenda, huna haja ya kunisoma, zile kumi zinakusubiri. Kama hukwenda, jua wifi yako anasoma polepole siku hizi, kwa kuwa kila baada ya mistari michache lazima aweke gazeti chini amshikie mumewe kikombe. Ondoka sasa hivi. Huenda bado hawajafika pale uliposema iligoma.